Nilisikia "Shingo", Nikaacha Kusikia

Niseme mapema ili msipoteze huruma yenu bure: mwenye makosa ni mimi. Si shetani, wala si mkono wa mtu. Ni mimi, dalali wa mahindi pale Kasesya, mpakani na Zambia, mjuaji wa kila kitu, niliyewafundisha madereva wa malori siasa za nchi mbili huku sijui mke wangu anaumwa nini!

Ilikuwa mimba yetu ya kwanza. Akaanza kutokwa na damu kidogo kidogo. Kliniki ya Sumbawanga mjini wakampima, wakamkata kinyama cha kupeleka maabara, na majibu yakarudi: saratani ya mlango wa kizazi, ila imewahiwa. Tukaitwa wote wawili.

Daktari alikuwa binti mdogo. Hapo hapo nikamdharau.

"Baba, tutakata kipande kidogo cha shingo ya kizazi, pale penye ugonjwa tu," alisema taratibu. "Mimba tunaiacha. Ila tufanye sasa, tumbo halijawa kubwa."

Jamani! Nilisikia "kukata", nikasikia "shingo", nikasikia "kizazi". Basi, masikio yakafunga duka. Mpumbavu mimi nikaona wanataka kukichinja kizazi changu, ukoo mzima wa baba yangu uishie pale mezani!

Mke wangu akasema, "Mimi nimeelewa, dokta. Nakubali."

Nikamgeukia. "Unakubali wewe kama nani?"

Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu. Nikamshika mkono tukatoka.

Nikampigia shangazi yangu, muuza dagaa wa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, mtu ambaye hajawahi kukosa jibu maishani mwake. "Mlango ukishakatwa, mwanangu, nyumba inabaki wazi," akasema. "Mtoto atadondoka. Mlete huku, dawa ipo." Goti lake mwenyewe limemshinda kutibu, ndiye aje aponye saratani! Na mimi na elimu yangu nikaona hapo ndipo penye akili.

Nikampeleka mke wangu ziwani, nikamwacha anywe mizizi. Kila nikimpigia anauliza, "Tunarudi lini hospitali?" Namjibu atulie. Damu ikazidi. Shangazi akasema ni uchafu unatoka, na mimi, bila aibu, nikayarudia maneno hayo kijiweni kwetu Katandala, Sumbawanga, kama msomi! Wenzangu wakatikisa vichwa kukubali. Kundi zima la wanaume, hakuna hata mmoja aliyejua mlango wa kizazi uko wapi.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Langu halikuwa la kufa, lilitaka kuua mwenzake.

Siku moja alipoona damu haikatiki, hakuniaga. Alipanda gari la samaki, akarudi Sumbawanga mwenyewe na tumbo lake. Nilipopata habari nilitoka Kasesya na hasira, eti kanidharau!

Nikamkuta kitandani. Daktari alikuwa yule yule binti. Ugonjwa ulikuwa umesambaa. Sasa kipande kidogo kisingetosha: wangemtoa mtoto kwa upasuaji kabla ya wakati wake, kisha wakitoe kizazi chote. Kile nilichokimbia kwa ujinga nilikileta kwa mikono yangu mwenyewe.

Daktari akanigeukia, akaanza tena kwa upole, "Baba, naomba nikueleze..."

Mke wangu akamkatisha. "Usimweleze huyo. Nieleze mimi."

Nikatoka nje, nikasimama kwenye upepo, nikalia. Machozi ya mjinga hayamsaidii mtu.

Mtoto wetu wa kike yu hai, mdogo kama kifaranga, analelewa na bibi yake mzaa mama. Mama yake yuko mbali kwenye matibabu ya mionzi, na hakuna anayetuahidi kitu. Shangazi je? Alipopata habari alisema, "Si nilikwambia? Hospitali wanakata vizazi!" Ningemlaumu vipi, na yeye ni mimi mwenye khanga?

Wewe mwanaume unayesoma hapa ukijiona mjanja kuliko mimi: daktari akitamka neno usilolijua, uliza. Ukiona aibu kuuliza, basi nyamaza, usiamue.

Na kabla hujamwuliza shangazi yako, mgeukie mkeo aliyekaa pembeni yako. Wangu alikuwa ameelewa tangu siku ile ya kwanza.