Somo la Kanisa Moja Nililolifundisha Kanyosha

Nilitoka Uvira Jumatano asubuhi kwa sababu parokia moja ya Bujumbura ilimwomba padri wetu katekista. Walimu wao wengi walikuwa wamekimbia vita. Nilitakiwa kufundisha yale maneno tunayoyakiri kila Jumapili: Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume. Nilikwenda kwa furaha. Somo nilijiona ninalijua.

Huko Gatumba, tulipovuka mpaka wa Burundi, askari walitushusha garini wakapekua mizigo, hata kurasa za Biblia yangu wakazifunua moja moja.

Saa tano tulikuwa Asiatique, mtaa wa maduka wa Bujumbura. Vitenge vilining'inia milangoni, watu wakipatana bei, nami nikafikiri redio ndizo zinazokuza habari za vita. Nilipofika Kanyosha, kwenye parokia ile iliyoniita, nikaona nyumba zisizo na mabati, majani yameota vyumbani.

Mwenyeji wangu alikuwa Mama Verena, mjane, mwimbaji wa kwaya. Alihudhuria masomo yote. Ijumaa akanyoosha mkono.

“Mwalimu, kweli Kanisa ni moja?”

“Ni moja, mama.”

“Basi, marraine wangu, ule alinisimamia ubatizo, iko Mutanga Nord, upande ingine ya muji, anakufa. Miaka mbili sijamuona. Huku wanasema watu ya kule ni adui, na kule wanasema vile vile juu yetu. Jumapili unisindikize. We ni mugeni; kwa barrière, pale vijana wanafunga njia, wataona karatasi yako ya Congo, watatuacha tupite.”

Darasa zima lilinitazama.

“Tutaenda,” nikasema.

Jumapili alfajiri risasi zililia milimani. Nikafunga begi. Nilipotoka, Mama Verena alikuwa tayari uani, amevaa sare ya kwaya, kikapu mkononi.

“Tunaenda, mwalimu?”

“Leo hapana, mama. Hali si nzuri. Nitarudi.”

“Sawa,” alisema. Hakunisihi.

Njiani kuelekea mpakani milio ilikuwa imekoma. Watu walikuwa wakienda misa kwa miguu, na watoto wao. Ningeweza kumwambia dereva ageuze gari. Sikumwambia. Saa sita nilikuwa kwangu Uvira nakula ndagala, dagaa wa ziwa letu, na kila aliyeniuliza habari za safari nilimjibu kwamba masomo yalikwenda vizuri.

Wiki tatu baadaye dhamiri ilinirudisha Kanyosha. Mama Verena alikuwa akichambua maharage. Alinipa kiti. Siku ile, alisema, alikwenda peke yake; vijana waliofunga njia kwenye barrière walimrudisha kwa matusi. Marraine alikufa Jumanne iliyofuata.

“Niliambiwa aliulizia kama mi ningali hai,” alisema. “Hakukuwa mutu wa kumujibu.”

Nikamwomba msamaha. Aliokota kokoto moja katika maharage, akaitupa.

“Neno la ine ulituambia ni nini?”

“La mitume.”

“Maana yake?”

“Waliotumwa.”

Alitikisa kichwa polepole, akaendelea na maharage yake. Hakusema amenisamehe, wala sikuthubutu kumwuliza.

Ndugu zangu wa Uvira, nilitumwa mara mbili katika safari ile. Padri alinituma darasani, nikaenda. Mjane alinituma upande wa pili wa mji uleule, nikaogopa. Nimejifunza kwamba Kanisa huwa moja pale mtu anapovuka kwenda kwa mwenzake, na siku ile mwenye kuvuka alikuwa Mama Verena, si mimi. Bado nafundisha maneno yale manne. Ila siku hizi, nikimaliza, siwaulizi wanafunzi kama wameelewa; najiuliza kama mimi nimeyaelewa.