Siku Niliyowaambia Sisi ni Wayahudi

Darasa la Kiarabu lilikuwa kwenye chumba cha chini cha hosteli yetu, mtaa wa Shumaisi, Riyadh. Hospitali ilitaka sisi wageni, wauguzi na watu wa maabara kutoka Kenya na Tanzania, tujue angalau kumuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Mwalimu alikuwa mama wa Kisudani. Siku moja alipoona sarufi imetushinda, akasema kila mtu asimulie alivyolelewa, kwa Kiswahili. Dada mmoja wa Zanzibar, mtu wa maabara aliyesoma Kiarabu tangu utotoni, angemtafsiria.

Mwenzangu wa chumbani alianza. Alikuwa muuguzi kutoka Kenya kama mimi, mlokole, na alieleza Krismasi za kwao kwa sauti ya chini kama anayeiba. Mwalimu akacheka, akamwambia asiogope. Kicheko kile ndicho kilichonipa moyo.

Nikasimama. Nikasema nimelelewa kwenye baridi ya Nyandarua, na baba yangu analima viazi. Zamani alikuwa mzee wa kanisa, akasoma Agano la Kale mpaka akaanza kuuliza maswali yaliyowaudhi wenzake. Mwishowe yeye na familia chache walitoka, wakajenga sinagogi la mabati kwenye shamba letu.

"Sisi ni Wayahudi," nikasema.

Nikaendelea haraka kabla sijaogopa. Nikaeleza mama anavyowasha mishumaa ya Sabato Ijumaa kabla jua halijatua, anajifunika macho kwa viganja, nasi watoto tunamchungulia. Nikaeleza kwamba hatuchanganyi nyama na maziwa, ndiyo sababu nina sufuria yangu. "Mlidhani naringa," nikawaambia. "Siringi."

Yule dada wa Zanzibar alikuwa ameacha kutafsiri.

"Amesema nini?" mwalimu akauliza.

Akajibu kwa neno moja tu, *yahudiya*. Mwalimu akanitazama, kisha akageuka kufuta ubao uliokuwa tayari msafi. "Halas," akasema. Darasa limekwisha.

Chumbani, mwenzangu alifunga mlango kwanza.

"Mbona ulinificha?"

"Hukuniuliza."

"Nyinyi ndio mliomuua Yesu."

"Baba yangu analima viazi Nyandarua. Amemuua nani?"

"Usinichekeshe. Wakubwa wa hospitali wakijua, utarudishwa nyumbani, na sisi Wakenya wote tutaanza kuchunguzwa. Ulifikiria hilo kabla ya kufungua mdomo?"

Sikuwa nimelifikiria. Lakini nilikuwa na hasira, nikamwambia kama anaogopa hivyo aanze kwa kuacha yale maombi ya siri anayofanya na walokole wenzake kila Ijumaa. Tangu hapo hatukusalimiana, na kwenye darasa viti vya pande zangu zote mbili vilibaki vitupu.

Wiki ile ile nilitoka zamu nikakuta sufuria yangu ndani ya pipa la taka jikoni, pamoja na maharagwe niliyoyapika asubuhi. Mwenzangu alikuwa anakaanga vitunguu, amenipa mgongo. Dada wa Zanzibar na mwingine mmoja walikuwa mezani wakila.

"Nani amefanya hivi?"

Mwenzangu akasema, bila kugeuka, kwamba uchafu unakaa na uchafu.

Dada wa Zanzibar ndiye aliyeinuka kutoka mezani. Aliitoa sufuria kwenye pipa, akaisuuza, akaiweka mbele yangu kwa kishindo.

"Mie sikupendi, nakwambia kweli," akasema. "Na ningekuwa wewe nisingelisema. Lakini kumtupia mtu chakula chake, hayo siyo mambo." Akarudi kumalizia wali wake. Sikumshukuru. Hakuwa ametaka shukrani, na mimi sikuwa nayo.

Habari ilimfikia msimamizi wetu wa zamu, mama wa Kikenya aliyekaa nchi hii miaka mingi. Aliniita, akaniuliza kama nina matatizo ya akili. "Dini yako ni yako, iweke moyoni. Mimi siwezi kukulinda hapa." Tawi letu la Jeddah lilikuwa linatafuta wauguzi. Alisema nikubali kuhamia huko, na haikuwa ushauri.

Nilikubali. Nilipoondoka na mizigo yangu, mwenzangu alikuwa kitandani anaangalia simu.

Jeddah walinipangisha mtaa wa Kandara, chumba cha peke yangu juu ya duka la mazulia, chenye kelele na joto. Nilimpigia baba, nikamweleza yote. Akasema hata huko nyumbani watoto wa jirani bado wanapiga mawe mabati ya sinagogi. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja mvua. Mimi utulivu huo sina.

Baadaye mwenzangu alinitumia ujumbe: "Nakuombea uokoke." Niliusoma nikiwa kazini. Nikamjibu kwamba aombe asikutane na mimi, kisha nikamblock, nikarudi wodini kumbadilishia mgonjwa dripu.