Meseji Kutoka kwa Kitinda Mimba

Mama Pazia ni jina alilopewa na wateja, mpaka ndugu zake nao wakalizoea. Alishona mapazia katika chumba kilichotazamana na duka la vitambaa, cherehani dirishani, marobota hadi kitandani. Watoto wake wawili wakubwa walikuwa na miji yao. Wa tatu, kitinda mimba, aligombana na kaka yake mara baada ya kumzika baba yao, akabeba begi moja, akapotea kama tone la maji mchangani. Hakuacha namba wala anwani.

Mama huyu hakuwa mtu wa mitandao. Alifungua ukurasa kwa sababu wenzake walimwambia wateja siku hizi hutafutwa humo. Basi siku moja, chini ya picha ya pazia la kijani, akaona maneno: "Hilo zuri, Mama." Alipobonyeza jina, alikutana na uso wa mwanawe, amekonda, amefuga ndevu.

Alilia hata sindano asiione. Tangu hapo wakawa wanaandikiana. Kijana alifanya vibarua vya ujenzi, leo huku kesho kule, na simu yenyewe ya kuazima. "Usiniulize nilipo, Mama. Nikiwa tayari nitakuja." Mama akaridhika na hicho kidogo. Mwenye kiu hachagui kikombe.

Ndipo ukaja ujumbe wenye nembo ya mtandao, ukijiita Idara ya Usalama. Eti ukurasa wake umeripotiwa kwa kuiba picha za watu. Asipothibitisha kabla ya jioni utafutwa, pamoja na mazungumzo yote. Mama Pazia aliona jambo moja tu: mwanawe akipotea mara ya pili. Akabonyeza kiungo, akaandika neno lake la siri. Simu ikaleta namba za kuthibitisha, na chini yake imeandikwa asimpe mtu yeyote. Macho hayakufika huko chini. Akazijaza upesi, akashusha pumzi.

Kesho yake mwenye duka la vitambaa alivuka barabara na simu mkononi.

"Dada, hii kweli ni wewe? Eti umepata picha yangu ya zamani, nifungue nione."

"Picha gani? Mimi sijakuandikia."

"Basi wamekuibia akaunti. Nusura nifungue, nikajiuliza, huyu ameanza lini kuniita 'rafiki mpendwa'? Mimi unaniita bahili!"

Mama Pazia hakucheka. Alijaribu kuingia kwenye ukurasa, ukamkataa kama mgeni. Akamwita binti wa mdogo wake, aliyefanya kazi mapokezi ya zahanati, mjuzi wa mambo hayo. Binti akaukagua ule ujumbe.

"Tazama hii anwani, Mama Mkubwa. Inafanana na ya mtandao, lakini herufi moja imezidi. Na wenyewe hawakuombi neno la siri kwa meseji. Mtu akikukimbiza hivi, simama kwanza."

"Nilisimama wapi, mwanangu? Niliogopa."

Wakawapigia jamaa wote kuwaonya. Mmoja tu hakuwa na namba ya kupigiwa.

Binti alihangaika na maombi ya kuurudisha ukurasa mpaka ukarudi, akauwekea ulinzi mpya. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye mazungumzo ya mwanawe. Mwizi alikuwa ameandika: "Nimepata picha yako ya zamani, fungua uone." Chini yake, jibu la kijana: "Ya mimi na Baba? Nafungua, Mama."

Hapakuwa na neno lingine.

Siku chache baadaye simu ikalia, na uso ule wenye ndevu ukatokea. "Mama nimekumiss sana. Fungua hapa haraka kabla haijafutwa." Kidole chake kilikwisha kuinuka. Akakirudisha. Akaandika: "Baba yako alikuwa anakuitaje?"

"Mama fungua kwanza tutaongea."

Alikaa kitako sakafuni, katikati ya vitambaa vya watu. Binti alipofika akamwambia taratibu, "Tukiripoti, wenye mtandao wataifunga akaunti yake. Na hiyo picha yake itaondoka."

"Tusiporipoti?"

"Wezi wataendelea kuwaibia rafiki zake kwa jina lake."

Mama aliutazama ule uso, akaugusa shavuni kwa kidole gumba. "Hao rafiki nao wana mama zao," alisema, akabonyeza mwenyewe.

Akaunti ilifungwa. Kijana hajaandika tena, kwa jina lile wala jingine. Kaka yake amekwenda kumuulizia kwenye majengo mawili matatu, akarudi mikono mitupu. Binti humfariji kwamba atapata akaunti nyingine, atawatafuta. Mama huitikia tu. Moyoni anajua mwanawe alifungua kile kiungo kwa sababu kilitoka kwake, na hata leo akiuona ukurasa wa mama yake, ataaminije kwamba anayejibu ni mama?