Jina la Baba Mkwe

Mtu akiniuliza viza ya kumfuata mume wangu ilichukua muda gani, namjibu kwamba fomu ilijazwa asubuhi moja, ila neno moja ndani yake lilinichelewesha karibu mwaka. Kosa lilikuwa langu, na hadi leo sioni kama ningefanya vingine.

Mume wangu alipelekwa ng'ambo na mpango wa wakimbizi akiwa bado kapera. Baada ya miaka akarudi likizo, tukafunga ndoa kanisani Nakivale, kambini kwetu Uganda, akakaa mwezi mmoja, akaondoka. Mimi nikabaki kwa baba yake, mzee mjane, nikilima mahindi na maharage na kumpikia. Kwetu, milimani Kivu ya Kusini, mke hataji jina la baba mkwe wake. Si kwamba kuna anayemkataza. Mdomo wenyewe unakataa. Tunamtafutia jina la heshima. Mimi nilimwita Mwenye Ng'ombe, ingawa ng'ombe wake wote walibaki Kongo na pale kambini alikuwa na kuku wanne.

Siku ya fomu nilikwenda mjini Mbarara, kwenye duka la mama mmoja wa Kinyankole anayechapa barua za watu kwenye kompyuta. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa kamba, na vidole vyake vilikuwa na haraka kuliko maswali. Tulipofika penye jina la baba wa mume, nikasema Mwenye Ng'ombe. Akaandika hivyo hivyo. Nilitoka pale nikijiona mkwe mwenye adabu kuliko wote wa wilaya yetu ya Isingiro.

Miezi ikapita, kisha ikaja barua ya ofisi ya viza. Mume wangu, ilisema, ameandika jina jingine kabisa la baba yake. Mimi nadai nimeishi na mzee huyo boma moja, na jina lake silijui. Walitaka maelezo kwa maandishi, halafu wanihoji kwa simu, waone kama ndoa yetu ni ya kweli. Nilikasirika hadi machozi yakanitoka. Nilijua anavyopenda maharage yake yaive, nilijua goti linalomuuma mvua ikikaribia, na bado mtu ambaye hajawahi kumwona aliniambia simjui.

Nilipompigia mume wangu, alicheka. "Si useme tu? Ni jina." Nikamkatia simu. Kwake ni rahisi, si baba mkwe wake.

Nilijaribu shambani nikiwa peke yangu. Nilifika nusu ya jina, nikageuka kutazama nyuma kama mwizi wa mahindi, nikaacha. Wiki mbili nzima nilikaa na ujinga huo, huku tarehe waliyonipa ikisogea.

Aliyeniokoa ni mzee mwenyewe, maana mwanawe alimwambia. Baba mkwe haingii jikoni kwa mke wa mwanawe, kwa hiyo alisimama nje, akakohoa nijue yupo, akaongea akitazama shamba.

"Nasikia dosie yako imekwama juu ya jina yangu."

Nikasukuma kuni motoni.

"Baba yangu alinipatia ile jina ili batu baniite. Kama inakufungia njia ya kwenda kwa bwana yako, inafanya tena kazi gani?"

"Baba, sitaweza."

"Utaweza. Tutaenda wote. Nitakuwa karibu."

Nilitangulia kwa mama wa duka kuandikisha maelezo. Nilipomweleza, alivaa miwani, akaivua tena. "Hata jaja wangu, mama ya mama yangu, alikufa bila kutaja jina ya baba ya bwana yake," akasema. "Mimi mwenyewe nilipaswa kukuuliza." Akaandika kurasa mbili, akiieleza mila yetu vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Namshukuru mama huyo hadi kesho.

Siku ya mahojiano tulichukua boda mbili hadi Base Camp, kitovu cha kambi, kisha taksi ya Mbarara iliyopitia Kaberebere. Mzee alivaa koti lake la kanisani. Kule dukani alikaa kwenye benchi la nje, akanipa mgongo. Simu ikaita. Mwanamke wa ofisi ya viza aliuliza kwa lugha yake, na mkalimani akaniletea swali kwa Kiswahili: baba wa mume wako anaitwa nani?

"Mama, unanisikia?"

Nikatazama mlangoni. Mzee akavua kofia, akaiweka gotini, akakohoa kama siku ile ya jikoni.

Nikalitaja. Lake, la baba yake, la ukoo, yote matatu. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Mwanamke yule akaenda kwenye swali la pili kana kwamba hakuna kilichotokea, na mimi maswali yote yaliyobaki niliyajibu nikifuta kamasi.

Nilipotoka, mzee hakugusia jambo hilo. Alisema njaa inamuuma.

Viza ilitoka baada ya mavuno. Asubuhi ya safari alinisindikiza hadi barabarani, akanipa mfuko wa maharage niliyolima mwenyewe, akatazama pembeni kama kawaida yake.

"Ukizala kijana, umupatie jina yangu," akasema. "Na usimuite Mwenye Ng'ombe. Umuite yote."

Nikasema ndiyo, baba. Nililia hadi Mbarara, na sikuona aibu.

Kijana huyo sasa ana miaka mitano, na ni mzito wa kuamka. Jumapili tunampigia babu yake kabla ya kanisa. Nashika simu mkononi, nasimama mlangoni mwa chumba cha mtoto, namwita jina lake: kwanza polepole, kisha kwa sauti yangu yote. Mtoto anajifunika blanketi. Kule Nakivale, mzee anaitika.