Breki Iwekwe Mkono Gani

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka najikuna kichwa, maana mpaka leo sijajua kama nilichanganyikiwa mimi au nilimchanganya babu yangu. Yote yalianzia kwenye breki ya baiskeli. Nawe umekuja na baiskeli yako wauliza, shangazi, ninunue breki gani ya kuchezea polo. Keti kwanza. Breki nitakwambia, lakini sina hakika kwamba breki ndiyo unayoihitaji zaidi.

Nilikuwa msichana wa Mtongwe, nimemaliza shule, kazi sina, na miguu haitulii. Mutua, kijana wa bara aliyehamia mtaani kwetu na wazazi wake, alikuwa ameona kwenye simu watu wakicheza polo juu ya baiskeli, akatuambukiza. Kila upande una watu watatu. Mkono mmoja unashika usukani, wa pili unashika gongo refu la kupigia mpira. Mguu wako ukigusa chini umetoka mchezoni, mpaka ukaguse alama iliyo kando ya uwanja ndipo uruhusiwe kurudi. Magongo tuliyatengeneza wenyewe kwa mianzi na vipande vya paipu ya maji, na uwanja wetu ulikuwa sakafu ya saruji ya ghala lililobomolewa. Tulikuwa mimi, Mutua na rafiki yangu Kadzo. Tulijiona mabingwa, kwa kuwa hatukuwa tumecheza na mtu mwingine yeyote. Kisha vijana wa Mtopanga wakatuletea salamu kwamba Jumapili watavuka feri waje kutufunga.

Sasa, baiskeli yangu ya mtumba haikuwa na breki hata moja. Nikitaka kusimama nilikuwa naburuta kiatu, na katika mchezo ule kuburuta kiatu ni kujitoa mwenyewe. Nikaenda kwa Babu Athmani.

Huyu ni babu yangu mzaa mama, na ndiye aliyenilea. Alikuwa fundi wa magari aliyestaafu, ila mikono yake haikupata habari kwamba imestaafu. Nilimweleza mchezo wetu, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka akaanza kufikiri. Mwenyewe akasema kwamba ikiwa mkono mmoja una gongo, basi breki ya mbele na ya nyuma lazima zivutwe na mkono mmoja tu, kwa hiyo utafutwe mshiko wa breki unaovuta waya mbili kwa pamoja. Akaenda kuusaka kwa wauza spea wa Kongowea, akarudi nao mfukoni amefurahi kuliko mimi.

Hapo ndipo tatizo langu lilipo, na ni lazima ulijue ili uelewe yaliyofuata. Mimi nilizaliwa na shoto. Mkono wangu wenye nguvu na akili ni wa kushoto. Tangu utotoni Babu alikuwa ananirekebisha. Hakunipiga hata siku moja. Nikimpa kitu kwa mkono ule, alikuwa hakipokei, anatazama pembeni mpaka nibadilishe. Nikazoea kula kwa kulia, kusalimia kwa kulia, kuandika kwa kulia. Naye barazani akawa anajisifu kwa wazee wenzake kwamba mjukuu wake alikuwa na shoto, yeye akamnyoosha kwa subira tu. Alichokuwa hajui ni kwamba nilinyooka mbele yake tu. Kwa wenzangu nilikuwa na shoto langu lile lile, na gongo nililishika kwa kushoto.

Babu hakuona sababu ya kuuliza. Gongo litakuwa kulia, basi breki iwe kushoto. Akakata waya kwa kipimo cha upande huo, akafunga, akainua kichwa akaniuliza kama panafaa. Nikamwambia panafaa, babu, hapo hapo. Ningesema nini? Wazee wawili walikuwa wamekaa wanamtazama akifanya kazi.

Uwanjani nilijaribu kupiga kwa kulia, mpira ukaenda kwa kuku wa jirani. Nikarudisha gongo kushoto, na sasa mkono ule ule uliokuwa na gongo ndio uliotakiwa kuvuta breki. Nikarudi nyumbani nimechubuka goti, nikamwambia Babu kwamba breki hazishiki.

Akabadilisha raba za breki. Kesho yake nikarudi nimechubuka kiwiko. Akaweka raba laini zaidi, akanyoosha rimu, akakaza spoku moja baada ya nyingine. Akaenda kuuliza mafundi wa Likoni. Wa kwanza akamwambia baiskeli kama hiyo inataka breki za diski. Wa pili akamwambia aiondoe kabisa ya mbele, la sivyo mtoto ataruka juu ya usukani. Wa tatu akasema breki hazina kosa, mwenye kosa ni mpandaji, na Babu akakosana naye. Kila jioni aliigeuza baiskeli magurudumu juu, akalizungusha gurudumu, akavuta breki, likasimama pale pale. "Mbona hapa zashika?" alikuwa akiiuliza baiskeli. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kibao nachambua mchicha, moyo unaniuma, na kadiri alivyohangaika ndivyo ulimi wangu ulivyozidi kuwa mzito. Kila siku niliyokaa kimya ilifanya kusema kesho kuwe kugumu zaidi. Nilishangaa mwenyewe jinsi jambo dogo lilivyogeuka mlima.

Mwishowe nikajiona mjanja. Nikaazima spana kwa Kadzo, na kila nikifika uwanjani nauhamishia mshiko wa breki kulia, na kabla ya kurudi nyumbani naurudisha kushoto. Nilicheza vizuri siku hizo, usinione hivi. Lakini waya wa nyuma ulikuwa umekatwa kwa kipimo cha kushoto, na upande wa kulia ulikuwa unafika kwa kujivuta, hauna nafasi hata ya kupumua. Mimi sikuliona hilo. Niliona breki iko mahali pake, nikafurahi.

Jumamosi, siku moja kabla ya mechi, nilikata kona ya ghafla kushoto kuufuata mpira. Usukani ulipogeuka, waya ukavutika wenyewe, gurudumu la nyuma likakabwa bila mimi kugusa kitu. Baiskeli ikateleza, nikatua kwenye saruji kwa bega. Niliusikia mfupa, mwanangu. Sitaki nikueleze zaidi.

Mutua alinibeba, Kadzo akasukuma baiskeli. Babu alinitazama mimi kwanza, akalipapasa bega, akaagiza atafutwe mwenye gari wa kutupeleka hospitali. Tulipokuwa tunangoja gari ndipo macho yake yalipoangukia baiskeli. Breki aliyoifunga kushoto iko kulia.

"Nani alogusa kazi yangu?" akauliza, na alimwangalia Mutua.

Mutua akasema, "Mzee, mi sijui. Si mimi."

Babu hakumwamini. Akamwambia asikanyage tena pale, na kwamba mimi na baiskeli na ule uwanja wao basi tena. Mutua alikuwa bado na vumbi langu kwenye shati lake. Akainamisha kichwa aondoke. Sijui mpaka leo kwa nini ulimi uliokataa kufunguka wiki nzima ulifunguka wakati ule, labda ni maumivu, labda ni aibu ya kuona mtu anabeba lawama yangu mbele ya macho yangu.

"Ni mimi, babu," nikasema. "Nimeihamisha mimi. Gongo nalishika kwa kushoto."

Nikajikaza kusubiri anikemee kwa lile shoto.

"Nalikufunza mkono wa kulia upate kula na watu, na upokee na kutoa kwa adabu," akasema polepole. "Wallahi sikukufunza uvunjike mifupa ili mimi nisione haya. Nimehangaika siku zote hizi na raba na rimu, na wewe wanitazama. Heshima gani hiyo, mjukuu wangu?"

Kisha akamgeukia Mutua akamwomba radhi, mzee mzima, na akamtaka akae nasi mpaka gari lifike. Nilichanganyikiwa kabisa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kosa moja, nikakemewa kwa lingine, na lile nililoliogopa miaka yote hakulitaja tena.

Jumapili wenzangu walicheza na mtu wa kuazima, wakafungwa vibaya. Bega lilipopona Babu alinunua waya mpya, ndefu. Safari hii aliniuliza kila hatua: hapa au pale, juu au chini, vidole vinafika? Alipomaliza akaniambia nizunguke uani ajionee. Nikapanda, akaninyooshea gongo, na kwa mazoea ya kuwa mbele yake nikalipokea kwa kulia. Akalichukua tena mkononi mwangu, akalitia mwenyewe kwenye mkono wa kushoto, akavikunja vidole vyangu juu yake.

Basi, mwanangu, breki yako. Chukua mshiko mmoja wa kuvuta waya mbili, uwekwe kwenye mkono usio na gongo. Waya upimwe usukani ukiwa umegeuzwa mpaka mwisho, pande zote mbili. Raba za kawaida zinatosha, na anayekwambia bila diski hutacheza, mwache na pesa zake. Lakini kabla ya yote mwambie fundi wewe ni mtu wa mkono gani, hata kama fundi huyo ni mzee wako, na hasa akiwa mzee wako. Msalimie kwa unyenyekevu, kisha umwambie ukweli kwa sauti anayoisikia. Anayekupenda hawezi kukupimia sawasawa ikiwa unamficha mwili wako.

Mungu akuzungushie watu wa kukusikiliza, akupe na ulimi wa kuwaambia, na kila jioni akurudishe kwa mamako ukiwa na mifupa yako mizima. Sasa nionyeshe, gongo unalishika mkono gani?