Joto la Kibet Kwenye Chumba cha Giza

Nakumbuka jioni niliyokaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, nikiwachunga wazungu wasije wakamdhuru mdogo wangu. Usicheke, mwanangu. Wakati huo nilikuwa kijana, sijaolewa, na kwa kushuku watu sikuwa na mpinzani. Hata leo sijapona vizuri.

Mdogo wangu Kibet alikuwa mkimbiaji. Chuo kimoja huku ughaibuni, karibu na Riverdale Park, kilitafuta watu wa kuendesha baiskeli isiyokwenda popote, siku moja chini ya taa kali, siku nyingine kwenye chumba cha giza giza, huku wakipimwa joto la mwili. Walisema jioni mwili huanza kupoa wenyewe ukijiandaa kulala, na mwanga mkali huuzuia. Sasa walitaka kujua mtu akifanya mazoezi inakuwaje. Mimi nikajiuliza, kwa nini Kibet? Kanisani kwetu Germantown kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema wanajaribu dawa, mwingine akasema taa zile zinakausha damu. Kibet alicheka tu. Kocha wa chuo alikuwa ameahidi kumwangalia akikimbia, akishamaliza majaribio hayo, na hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuacha kazi ya kuwageuza wazee vitandani. Nikamwambia, sawa, lakini huendi peke yako.

Siku ya taa nilikaa nimekodoa macho. Daktari, mama mmoja mpole mno, aliniletea chai, nami sikuigusa. Mtu hakujui, chai ya nini? Lakini Kibet aliendesha, akatoka jasho, akashuka salama. Niliudhika kidogo, nakwambia ukweli.

Siku ya giza ndipo nilipojilegeza, nikijua hakuna taa ya kumuunguza. Kibet alianza vizuri. Baada ya muda daktari akakunja uso mbele ya skrini yake, akabadilisha kipimo, akatazama tena. Joto lilikuwa linapanda kupita hata siku ya taa. Akamuuliza Kibet kama alilala usiku na kukaa mbali na mwanga, kama walivyokubaliana. Kibet akasema ndiyo. Nikaona huyu mama ana jambo analoficha. Nikainuka kuchukua mfuko wa Kibet tuondoke zetu, na zipu ilikuwa wazi. Ndani mlikuwa na sare yake ya kazi, bado inanuka dawa ya kusafishia sakafu.

Ile nyumba ya wazee alikofanya kazi, kule Silver Spring, huwa haizimi taa usiku kucha. Kumbe alikuwa amepiga shifti ya usiku, akaunganisha na ya mchana kumshikia mwenzake, kama tunavyofanya sote hapa mtu akipiga simu kuomba. Kibet aliniona nimeishika ile sare. Midomo yake ilikuwa imekauka, na jasho halikuwepo tena.

"Dada, usiseme," akanong'ona kwa Kiswahili. "Watanitoa."

Daktari hakuelewa neno hata moja. Niliogopa, mwanangu, niliogopa sana. Nikamgeukia yule mama niliyekataa chai yake.

"Hajalala," nikamwambia kwa lugha yake. "Ametoka kazini sasa hivi."

Alisimamisha baiskeli papo hapo. Wakamlaza Kibet sakafuni, wakamfunika mataulo ya maji baridi, naye akatapika, akalia. Baadaye daktari alinieleza kwamba mwanga wa usiku kucha unavuruga saa ya mwili, na mwili uliochoka hivyo na kukauka maji unashindwa kujipoza. Tungechelewa kidogo angezimia pale juu. Kibet alitolewa kweli. Kocha hakumwona akikimbia, na Kibet hakunisemesha mpaka Krismasi.

Basi nisikilize. Kushuku sikukatazi, na nchi hii ina mengi ya kushukiwa. Lakini mimi nilimchunga mgeni, na aliyekuwa akidanganya alikuwa wa tumbo moja nami. Ukiulizwa hali ya mwili wako, sema ulivyolala na ulikotoka, hata kama utapoteza nafasi. Na ndugu akikusihi umfichie jambo litakalomuua, liseme, akununie akiwa hai.

Mungu akupe usingizi wa kutosha, mwanangu, na akuwekee karibu mtu asiyejua kunyamaza.