Sinema ya Harusi ya Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu ametengeneza sinema. Nasema mapema, ili asiyetaka kusikia bibi akijisifia aishie hapahapa.

Ni sinema ya harusi, ya kuchekesha, na ina maneno ya kitandani. Bibi harusi ametoka Mwanza mjini, anaolewa huku kwetu Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Kivuko kimewachelewesha na hakuna aliyepata nafasi ya kumfunda. Basi anasukumwa chumbani kwa bibi yake wa hukuhuku afundwe harakaharaka kabla ya kutoka mbele ya watu. Mshereheshaji alikuwa ameshamvalisha kipaza sauti, akasahau kukizima. Mafunzo yote yanatokea kwenye spika uwanjani, mbele ya wakwe, wanakwaya na wapishi wa pilau.

Bibi anayefunda ni mimi.

Sikulazimishwa. Huku kwetu bibi na mjukuu ni watani. Wajukuu wa kiume ni waume zangu, wa kike ni wake wenzangu, na tunatupiana maneno tangu wanatambaa. Mama hawezi kumwambia bintiye mambo ya chumbani, na baba ndiyo kabisa, hata kuyasikia mbele ya binti ni mwiko. Kazi hiyo ni ya bibi. Kwa hiyo mjukuu aliponiambia, "Mke mwenzangu, sema kama unavyosemaga jikoni," nilisema.

"Usilale kama sangara aliyetolewa kwenye barafu! Geuka! Mwenzio hakutoa ng'ombe aje kulaliana na gogo!"

Na mengine ambayo hapa siyaandiki.

Nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nimesuka. Kumbe kamera hainitaki. Alinichukua sauti, picha yangu kidogo tu, halafu akaenda uwanjani akaifungulia ile sauti kwenye spika, na kamera akawaelekezea wanaosikiliza. Hakuwa amewaambia nimesema nini. Mpishi alibaki na mwiko hewani, wali unamdondokea miguuni. Kiongozi wa kwaya alianzisha pambio kwa sauti ya juu ili anizime, wenzake wakashindwa kuitikia. Na yule aliyeigiza baba mkwe aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nikamuuliza, "Wewe, mbona mimi sionekani?"

"Bibi, anayesema hachekeshi sana. Anachekesha yule asiyeruhusiwa kusikia, na hana pa kukimbilia. Ndiyo maana nimetaka harusi. Wote wanaoheshimiana wamewekwa uwanja mmoja."

Nilimtazama. Mtoto huyu nimemwogesha mimi kwenye beseni. Maisha yangu yote nimecheka harusini na sijawahi kujiuliza kicheko kinakaa wapi. Yeye alikuwa amekaa kimya miaka yote hiyo, anatuangalia.

Tatizo lilikuwa baba yake, mwanangu wa kwanza. Ni mzee wa kanisa, na kamera ile aliinunua yeye akidhani ni ya kupiga ubatizo na kipaimara. Aliposikia habari ya sinema alisema, "Nitaiona kwanza. Ikinitia aibu, kamera inauzwa, na wewe unarudi kusoma uhasibu." Na mwanangu akisema amesema.

Basi Jumapili baada ya ibada tukakaa sebuleni kwake, mbele ya televisheni. Mjukuu, mimi, majirani wawili watatu, na shemeji yake mwanangu, kaka wa mkewe. Mwanzo ulikwenda vizuri. Sauti yangu ilipoanza kutoka kwenye spika ile ya uwanjani, majirani wakaangua kicheko. Mwanangu akaigeukia kalenda ukutani. Nilipofika kwenye sangara, akasimama, akatoka nje.

Mjukuu akanishika mkono. "Bibi, kwisha kazi."

Nikamfuata mwanangu, ugomvi uko tayari mdomoni. Nikamkuta nyuma ya jiko ameegemea tangi la maji, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikasogea. Mwanangu alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, machozi yanamfika kidevuni.

Akaniona. Akanyooka kama askari.

"Shikamoo, mama."

Tulikuwa pamoja tangu asubuhi.

"Marahaba," nikajibu.

"Nimetoka kupunga upepo."

"Punga, baba."

Akatazama chini, akakohoa. "Yule mzee wa ndala. Anaishia wapi?"

"Kaangalie."

"Nitaangaliaje, mama, na ninyi mmekaa pale?"

Hapo nikaelewa. Angechekaje mbele ya binti yake, na mbele ya mama aliyemzaa, tena mwenye maneno yale? Alikuwa ndiye yule baba mkwe, mzimamzima, ametoka kwenye televisheni. Mjukuu wangu alikuwa amemwona baba yake vizuri kuliko mimi niliyemnyonyesha.

Nikarudi ndani, nikawatoa wote, akabaki shemeji peke yake, kwa kuwa mtu na shemeji yake hawaoneani haya. Mwanangu akaingia, akafunga mlango. Sisi tukakaa chini ya dirisha.

Halafu meza ikapigwa. "Irudishe, shemeji! Irudishe kwenye sangara!" Halafu kicheko, sasa kile chenye sauti. Nilikuwa sijakisikia tangu mwanangu hajaota ndevu.

Mjukuu alijiziba mdomo kwa mikono miwili. "Bibi, anacheka."

"Nyamaza. Akitusikia ataacha."

Walipomaliza, mwanangu alitoka, amenawa uso, ameukunja vilevile kama wa kanisani. Hakumtazama binti yake. Alitazama ziwani.

"Hapa uwanja ni mdogo," akasema. "Ukitaka kutengeneza nyingine, kaongee na babu yako mdogo kule Nansio. Ana uwanja mpana."

"Sawa, baba," akajibu, naye akitazama ziwani.